Miezi mitano ya Biblia, kamba na matope Usambara: ulizeni, ila msitegemee ushuhuda mtamu

#1 Kigingi cha Saba (mleta mada)

Habari za jioni wanajukwaa.

Kwenye ule uzi wa "kijana kamaliza kidato cha sita, akae nyumbani afanye nini" niligusia kwamba mimi mwaka wangu wa kukaa nyumbani niliumalizia kwenye programu ya Kikristo ya milimani. Tangu siku hiyo inboksi haijapumua. Mzazi mmoja kauliza kama ni kambi ya maombi, mwingine kama ni mgambo, wa tatu kauliza kama kuna ajira mwishoni. Nimeona niweke hapa nijibu mara moja.

Jina la kituo silitaji. Si yote nitakayosema ni ya kusifu, na walionifundisha bado wapo pale wanafundisha wengine.

Mwaka ulikuwa 2022. JKT nilishapita, chuo nilipata, mkopo nikakosa. Baba akasema "subiri mwakani", na nyie mnajua kusubiri mwakani kulivyo: unakuwa mtu wa kutumwa dukani na kuambiwa "si upo tu". Mchungaji wetu akaja na fomu. Miezi mitano, Januari hadi Juni mwanzoni, umri miaka 18 hadi 25. Nikajaza ili nitoke nyumbani. Wito wa Mungu sikuusikia popote, nasema ukweli.

Mahali ni Usambara Magharibi, juu ya Lushoto. Kwa wasiopajua: basi linakushusha Mombo, joto la kukaanga mayai, halafu unapanda kona kilomita 33 hadi Lushoto mjini na huko unaanza kutafuta sweta uliyoiweka chini kabisa ya begi. Sisi tulikuwa juu zaidi ya mjini, kuelekea msitu wa Magamba.

Tulikuwa 14. Watanzania tisa, Wakenya watatu, Mrundi mmoja na Mjerumani mmoja aliyekuwa na buti za bei ya bodaboda. Wasichana sita.

Ratiba ilikuwa hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kengele. Nusu saa kila mtu peke yake na Biblia yake, nje, hata kama kuna ukungu. Ukirudi ndani unarudishwa. Uji. Darasa saa mbili hadi saa sita. Mchana kazi: kuchanja kuni, kupalilia, kuosha masufuria (zamu ya masufuria ndiyo iliyotuonyesha nani ni nani). Alasiri kamba, jabali, dira na ramani. Usiku ibada fupi, kisha usingizi wa watu waliokufa. Kila wiki ya tatu tunaondoka kituoni siku tatu hadi tano, kila kitu mgongoni.

Darasani nilitegemea mahubiri. Siku ya kwanza mwalimu akatusomesha Injili ya Marko yote, sura 16, kwa sauti, tukipokezana bila kusimama. Ilichukua kama saa moja na nusu. Akauliza swali moja tu: neno gani limewachosha? Tukajibu: "mara". Mara akatoka, mara wakaacha nyavu, mara ukoma ukamwondoka. Nimekulia kanisani, nimefundisha Sunday school, na sikuwahi kuona kwamba Marko anaandika kama mtu anayewahi basi.

Njia yao ilikuwa hiyo. Kwanza unaandika unachokiona kwenye maandiko, unachokiona tu. Mistari michache, mambo 25. Ukiandika "hii inatufundisha kuwa na imani" mwalimu anapiga mstari: "Sikuuliza inafundisha nini. Nimeuliza umeona nini." Ukifika la 12 unaona umemaliza. La 18 unamchukia. La 23 ndipo unaona kitu.

Sasa ulizeni. Safari ya Aprili na ya Meru nitazileta kesho, leo nina zamu.

#2 Bibi Kahawa

Nimekaa siti ya mbele. Mleta mada usitukimbie kama wenzako.

#3 Sajini Mstaafu

Kwa hiyo ni JKT yenye Biblia. Kwata mlipiga?

#4 Kigingi cha Saba

Afande, kwata hakuna na hakuna kufokewa. Na hapo ndipo ilipokuwa ngumu kuliko JKT. JKT ukichelewa unajua adhabu yako, unaitumikia, mmemalizana. Kule ukichelewa wenzako 13 wanakaa kwenye benchi wanakungoja, uji unapoa, na hakuna anayesema neno. Bora ningepigishwa pushapu.

#5 Mtumishi Asiyelala

Bwana asifiwe. Mimi napanda mlimani kila mwezi, siku tatu kavu, bila maji. Hapo ndipo Mungu anasema. Hayo ya kamba na helmeti naona ni michezo ya wazungu mliyoivika joho.

#6 Kigingi cha Saba

Mtumishi, nakuheshimu, na mama yangu ni wa mlimani kama wewe. Ila sisi kufunga safarini tulikatazwa. Mtu mwenye kilo 15 mgongoni akifunga anakuwa mzigo wa wenzake, maana wao ndio watakaombeba. Tulikula kama mchwa: uji, karanga, ugali na dagaa, chapati za jana.

Sasa safari ya Aprili.

Ilikuwa masika kamili. Njia ni ile inayopita Magamba kwenda Rangwi, halafu Mtae ukingoni kabisa, ambako unasimama unaona nyanda za Mkomazi zimelala chini kama mkeka. Siku tatu. Tuligawanywa makundi mawili, letu la watu saba na kiongozi mmoja, ambaye alikuwa anatembea nyuma bila kusema kitu isipokuwa mtu yuko hatarini. Mimi nilikuwa na kazi mbili: dira, na kuhesabu vigingi vya hema letu. Vigingi ni vinane.

Asubuhi ya siku ya pili tulivunja kambi kwenye mvua. Nikahesabu vigingi, nikapata sita. Vidole vimekufa ganzi, matope hadi magotini, watu wameshafunga mabegi wanapiga miayo. Nikasema, "Vyote vipo."

Ndugu zangu, uongo wa vigingi viwili. Nani angejua?

Mchana nikasoma ramani vibaya. Kulikuwa na matuta mawili yanayofanana na ukungu umefunika yote. Nikachukua la kushoto. Tuligundua saa kumi. Tukaamua kulala tulipo. Hema likasimama upande mmoja, upande wa pili likawa linapiga makofi. Saa tano usiku upepo ukalikunja, maji yakaingia, mifuko yetu ya kulalia ikalowa yote. Nikasema kigingi kimeng'oka. Nikatoka na tochi kujifanya nakitafuta.

Siku ya tatu tulitembea tukiwa tumelowa toka asubuhi. Unga umegeuka gundi. Dada mmoja Mkenya, mcheshi kuliko wote, akaacha kuongea. Halafu akaanza kuongea kwa kuburuza maneno kama mlevi, anajikwaa mahali tambarare. Tulishafundishwa dalili hiyo: baridi imemwingia ndani. Mtu akitetemeka bado yuko salama kidogo. Akiacha kutetemeka huku nguo zimelowa, hapo kimbia. Kiongozi wetu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu jana: "Nyumba ya kwanza mtakayoiona."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa, anatawadha kibarazani. Ilikuwa Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi. Sisi tunafika pale vijana saba wenye matope, na mmoja wetu ana fulana imeandikwa YESU NI BWANA kifuani kote.

Mzee akatutazama akasema, "Mmelowa." Akaita ndani. Wanawake wakamchukua yule dada, wakamvua nguo zilizolowa, wakamfunga vitenge na blanketi, wakamweka jikoni karibu na mafiga, wakampa uji wa moto wenye sukari kidogo kidogo. Sisi tukaambiwa tukae mkekani. Adhana ikaadhiniwa. Mzee akala tende yake, na sahani ikaletwa: mihogo ya nazi, magimbi, maharage, uji wa pilipili manga. Chakula cha watu waliofunga tangu alfajiri, na sahani iliwekwa mbele yetu kwanza.

Hakutuuliza sisi ni akina nani mpaka tumeshiba.

Wiki iliyotangulia darasani tulikuwa 1 Wafalme 19, Eliya anakimbia kwenda Horebu. Mambo yetu 25 karibu yote yalikuwa juu ya upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo. Tulibishana saa mbili juu ya sauti ndogo. Usiku ule kibarazani kwa mzee mwenzetu Mrundi akatoa daftari lake, limelowa wino umetapakaa, akalitazama akacheka. Akasema: "Malaika amekuja mara mbili, na mara zote mbili amesema 'inuka ule'. Mkate juu ya makaa na maji. Hakumhubiria. Kuna mtu aliandika mkate?"

Hakuna aliyeandika mkate.

#7 Bibi Kahawa

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa na nimeisoma sura hiyo sijui mara ngapi. Nimekwenda kuifungua tena sasa hivi. Kweli, mkate upo.

#8 Shemeji wa Tanga

Mimi ni Muislamu na huyo mzee namjua ingawa simjui. Kila kijiji cha kule juu kina wa aina hiyo. Ila ndugu yangu kwa vigingi hukufanya jambo jema. Ulikiri?

#9 Kigingi cha Saba

Shemeji, hapo sikukiri. Tulia, nafika.

#10 Mama wa Wanne

Naomba niulize kama mzazi, na mnisamehe nikikwaza mtu. Mwanangu wa pili ananiomba aende mahali kama huko. Mimi tangu Shakahola, Aprili 2023, nikisikia "vijana", "msitu" na "Biblia" kwenye sentensi moja moyo unaniruka. Watu zaidi ya 400 walifukuliwa msituni Kilifi, na ilianza kwa mahubiri. Nitajuaje kwamba ninampeleka mwanangu kwenye masomo na si huko?

#11 Tuliza Boli

Afadhali umesema mama. Mimi nasoma hapa nawaza hilo hilo. Njaa, baridi, kutengwa na familia, kiongozi asiyeongea. Mbona viungo ni vile vile?

#12 Kigingi cha Saba

Mama, usiombe msamaha. Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo hata kabla ya Shakahola.

Sitakuambia "omba Mungu akuongoze" nikaishia hapo. Nakuambia nilivyoona. Simu tulinyang'anywa kwenye safari tu. Kituoni tulikuwa nazo kila jioni na Jumapili yote. Jumapili moja kila mwezi wazazi walikaribishwa, na mama yangu aliwahi kuja bila taarifa siku ya Jumanne akapewa chai na kuonyeshwa jiko, vyoo na nilipolala. Hilo moja ningelifanya kipimo: nenda bila kuaga. Wakikuzuia getini, rudi na mwanao.

Kiongozi alikula chakula chetu na kulala kwenye hema kama letu. Kijana mmoja aliondoka wiki ya nne, alisema tu haipendi. Walimpa nauli na mpaka leo ni rafiki yetu. Serikali ya kijiji ilikuwa na majina yetu. Kila safari kulikuwa na sanduku la huduma ya kwanza, orodha ya zahanati zilizo njiani, na mtu kituoni anayejua tunatakiwa kupiga simu saa ngapi.

Na jambo la mwisho, mama, hili ni la ndani zaidi. Kule ubishi uliruhusiwa. Yule mwalimu wa mambo 25 nilimbishia darasani juu ya Yeftha na binti yake kwenye Waamuzi, mbele ya watu, nikakataa maelezo yake. Akaniambia, "Andika ulichokiona." Mahali ambapo kijana hawezi kumwambia mwalimu "hapana, maandiko hayasemi hivyo", hata kama ni mjini na kuna lifti, mtoe.

Tuliza Boli, viungo vinafanana, nakubali. Kisu cha jikoni na kisu cha mwizi navyo vinafanana. Ndiyo maana namwambia mama aende aone kimeshikwa na nani.

Ya kulalamikia ninayo. Tuliambiwa ada ni pamoja na vifaa. Tulipofika buti na mfuko wa kulalia vikawa vya kukodi, na baba alituma hela mara mbili kwa uchungu. Cheti walichonipa hakitambuliki popote, kipo kwenye bahasha kabatini. Anayekwambia mwanao atapata kazi kwa cheti hicho anakudanganya.

#13 Mzee wa Nyaraka

Kuna aliyesema hapo juu kwamba kupanda milima ni michezo ya wazungu iliyovikwa joho. Nitie neno kidogo.

Kanisa na mlima kwetu si habari za jana. Rebmann aliyeandika Ulaya kwamba ameona theluji Kilimanjaro mwaka 1848, wakamcheka, alikuwa mmisionari kutoka Rabai. Mwaka huo huo mwenzake Krapf alipanda huko huko Usambara anakokusema mleta mada, akapokelewa na Kimweri, mfalme wa Wasambaa. Baadaye akaja Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyepanda Kibo mara nyingi mpaka kreta ya ndani ikaitwa kwa jina lake. Yeye ni mmoja wa wanaotajwa kumkuta chui aliyeganda kwa barafu kule juu mwaka 1926. Inasimuliwa alimkata sikio akaondoka nalo kama kumbukumbu. Hiyo ni tabia ya watalii mpaka leo.

Na upande wa pili wa Kilimanjaro, Loitokitok, shule ya vijana ya milimani ya Outward Bound ilifunguliwa miaka ya 1950. Hiyo si ya kanisa, lakini ndiko wengi wa Afrika Mashariki walikojifunzia mambo ya kamba na safari za makundi.

Ila msisahau: hao wote walipanda na wenyeji waliobeba mizigo. Hans Meyer anatajwa kwamba alifika kileleni Kibo 1889. Lauwo wa Marangu anayesemekana ndiye aliyeongoza njia alisubiri karibu miaka mia kutajwa kwa heshima.

#14 Sajini Mstaafu

Mzee wa Nyaraka ukiandika mimi navua kofia. Endelea.

#15 Dada wa Hema la Pili

Mimi sikuwa kundi la mleta mada, nilikuwa kiongozi wa wasichana kwenye programu nyingine kama hiyo miaka miwili. Kabla hamjamaliza, wazazi wa mabinti wataniuliza yale ambayo hamuulizi hadharani.

Hema la wasichana ni lao, na lazima awepo kiongozi wa kike safarini. Kama hayupo, safari haiendi, na usikubali kisingizio cha "tumekosa mtu". Hedhi porini inawezekana kabisa: pedi zilizotumika zinafungwa kwenye mfuko mweusi ndani ya mfuko mwingine, zinarudi kituoni, hazifukiwi, maana wanyama huzifukua. Choo cha safarini ni shimo la kina cha kiganja kirefu, mbali na maji hatua 70 hivi, unafukia. Wiki ya kwanza wasichana wanakunywa maji kidogo ili wasiende porini, halafu kichwa kinauma mchana kutwa. Niliwaambia hili siku ya kwanza, kwa sauti, kabla ya somo lolote la Biblia.

Na la kubeba mzigo: wapo wavulana watakaotaka kumbebea binti begi ili waonekane. Nilikataza. Wiki ya sita binti huyo huyo anakuwa mbele.

#16 Kigingi cha Saba

Dada, asante. Hayo nisingeyaweza.

Sasa Meru, halafu nipumzike.

Tulikwenda mwanzoni mwa Juni, mvua zimekatika. Huko huendi wenyewe. Ni hifadhi, unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na tulikuwa na wapagazi wachache wa chakula. Geti la Momella, kama mita 1,500. Siku ya kwanza twiga wanakutazama kama umewakosea, mbega kwenye miti, unalala Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili ngazi, ngazi, ngazi, mpaka Saddle, mita 3,570. Alasiri ile tukapandishwa Meru Ndogo, mita 3,820, tukarudishwa chini kulala, ili mwili uonje hewa nyepesi kabla ya usiku.

Na kilele chake, kwa wasiojua, kinaitwa Kilele cha Ujamaa. Sitanii.

Tuliamshwa saa sita usiku. Chai, biskuti, tochi za kichwani. Kanuni yetu tangu Januari: kundi linatembea kwa mwendo wa aliye nyuma kuliko wote, na huyo anawekwa mbele. Miezi yote mitano sikuwahi kuwa huyo. Nilikuwa mrefu, mwenye mapafu, niliyepita JKT. Nilikuwa nasubiri wenzangu nikiwa nimekaa juu ya jiwe, na kwa siri nilifurahia kusubiri.

Tulipopita Rhino Point kichwa kikaanza. Niliona ni usingizi. Nikatapika mara ya kwanza, nikafukia kwa buti nikasema nimekohoa. Mara ya pili kiongozi aliniona. Akaniuliza mara mbili meza ina miguu mingapi. Nikafikiri kabla ya kujibu. Akasema, "Unashuka."

Nikabisha. Nikamwambia nimelipa kama wengine. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba ugonjwa wa mwinuko hauna dawa inayozidi kushuka, na kwamba mlima hautahama. Akasema anahitaji mtu mmoja ashuke na mimi pamoja na msaidizi wa kiongozi. Kimya. Kila mtu amekitamani kilele hicho tangu Januari. Yule Mrundi, aliyekuwa mzima kuliko sisi sote, akageuza tochi yake. "Twende," akasema, akaanza kushuka kabla sijamjibu.

Jua tuliliona tukiwa kibandani Saddle, linachomoza nyuma ya Kilimanjaro. Kichwa kilikuwa kimepungua nusu. Nikaanza kulia, na baada ya kulia nikamwambia habari za vigingi. Vyote: viwili nilivyoacha, "vyote vipo", tochi ya kujifanya natafuta. Nikamwambia yule dada angeweza kufa. Akanisikiliza, akanimiminia chai, akasema, "Najua." Nilidhani anamaanisha anajua ninavyojisikia.

Jioni niliwaambia wote. Yule dada Mkenya alinitazama muda mrefu halafu akasema, "Basi leo masufuria ni yako." Mpaka tunaagana masufuria yalikuwa yangu.

Shemeji wa Tanga, ndivyo nilivyokiri. Ilinichukua wiki kama saba na mita 3,570.

#17 Shemeji wa Tanga

Nimekusamehe kwa niaba ya mzee wa kibarazani.

#18 Tuliza Boli

Hii kama ni chai basi imekolea tangawizi. Ila swali la mtu wa kawaida: ulirudi umekuwa mtakatifu?

#19 Kigingi cha Saba

Nilirudi nyumbani nikagombana na mdogo wangu siku ya pili juu ya chaja. Kilichobaki ni viwili. Nikisoma Biblia naandika kwanza nilichokiona, na ninachelewa sana kusema inafundisha nini. Na nikiwa kwenye kikao kazini nahesabu nani yuko nyuma.

#20 Mama wa Wanne

Nimesoma yote, na la Dada wa Hema la Pili nimelinakili. Nitakwenda siku ya Jumanne bila kuaga. Sasa niambie la buti. Mpya ni hela ya mbuzi.

#21 Kigingi cha Saba

Mama, mpya ya nini? Nenda mtumba: Memorial Moshi au Kilombero Arusha, asubuhi ya mapema siku ya kufungua mabelo. Chagua iliyofunika kifundo, kunja soli katikati kwa mikono: ikikunjika kama ndala, iache. Avae na soksi mbili, abaki na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino. Halafu aivae nyumbani mwezi mzima, hata akienda dukani. Malengelenge ya siku ya kwanza ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani. Njaa wanaivumilia.

Na mnunulie soksi za sufu kabla ya kitu kingine chochote.

#22 Mwana wa Tanganyika

Nimejisajili hapa leo kwa ajili ya uzi huu. Kuna mtu kanitumia akasema, "Soma, si ni nyinyi hawa?" Niko Bujumbura, nafundisha shule ya msingi. Mleta mada, bado unakoroma?

#23 Kigingi cha Saba

Hapana. HAPANA. Mrundi?

#24 Mwana wa Tanganyika

Ndiye. Habari yako umeisimulia vizuri, ila kuna mahali umekosea hesabu, na mimi nimenyamaza miaka yote hii.

Ulisema uliacha vigingi viwili. Uliacha kimoja. Cha pili nilikiokota mimi, asubuhi ile, chini ya mgomba, nikakitia mfukoni mwa koti. Nilitaka nikupe. Halafu nikakusikia unasema "vyote vipo", nikawaza, ngoja nione atasema lini. Nilitaka kukuona umeaibika mbele ya watu, kwa sababu ulikuwa unakaa juu ya mawe kutusubiri.

Hema lilipoanguka usiku kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikishika mkononi wakati wewe unazunguka na tochi. Kila dakika iliyopita ikawa ngumu zaidi kukitoa. Kesho yake dada yetu akaanza kuburuza maneno.

Kule Meru sikushuka kwa wema. Nilikuwa na deni. Uliponiambia habari zako nikasema "najua", nilitaka kuendelea, nikashindwa.

#25 Bibi Kahawa

Mimi chai yangu imepoa mkononi.

#26 Kigingi cha Saba

Nimesoma mara tatu. Nimetoka nje nimerudi.

Kiko wapi hicho kigingi?

#27 Mwana wa Tanganyika

Kinazuia mlango wa darasa langu usipigwe na upepo. Nikutumie?

#28 Kigingi cha Saba

Kiache hapo hapo. Nitumie namba yako inboksi. Yule dada yuko Nakuru, ana mtoto sasa. Tumpigie wote wawili, na uanze wewe.

#29 Mwana wa Tanganyika

Nianze mimi? Tangu lini?

#30 Kigingi cha Saba

Mimi masufuria yangu nimeshaosha.